Mwenye tiketi ndiye wa mwisho kuambiwa

Ijumaa ya Oktoba 17, 2025, kipenga cha kuanza mechi ya Oviedo na Espanyol kilipopulizwa, wachezaji wa pande zote mbili walisimama tuli. Kwa sekunde 15 hakuna aliyecheza. Waliokuwa wakitazama runinga hawakuuona mgomo huo, kwa sababu wakati huohuo picha ilihamishwa ikaonyesha uwanja kwa nje. Mechi nyingine za La Liga wikiendi ile zilianza vivyo hivyo. Wachezaji walikuwa wanapinga mpango wa kuipeleka Miami, Marekani, mechi ya Villarreal na Barcelona ya Desemba 20, na chama chao kililalamika kwamba ligi haikukaa nao mezani kabla ya kuamua.

Siku nne baadaye mpango ukafutwa. Miezi miwili hivi baadaye, safari ya Milan na Como kwenda kucheza mechi ya Serie A mjini Perth, Australia, ikafa pia. Haki itendeke: Villarreal iliahidi kuwalipia nauli ya Miami wenye tiketi za msimu ambao wangetaka kwenda. Lakini ahadi hiyo ilitolewa kwa watu ambao hawakuulizwa kama wanataka mechi yao ya nyumbani ihamishiwe ng'ambo ya Atlantiki. Mkoba ulifunguliwa baada ya mlango kufungwa.

Ukizipitia habari kubwa za ligi za kulipwa za miaka hii ya karibuni, za soka, kikapu na hata besiboli, jambo hilo linajirudia. Wenye hisa wanajua, mawakala wanajua, vituo vya runinga vinajua. Anayelipa kiingilio anasoma kwenye simu.

Dallas wanaijua hali hiyo vizuri. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, mashabiki wa Mavericks walipata habari kwamba Luka Dončić, kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali ya NBA miezi minane tu kabla, amepelekwa Los Angeles Lakers. Badala yake walipata Anthony Davis, Max Christie na haki moja ya kuchagua chipukizi mwaka 2029. Dončić mwenyewe hakuwa na habari. Meneja mkuu, Nico Harrison, alijitetea kwamba ubingwa huletwa na ulinzi. Mashabiki walikusanyika nje ya uwanja wakiwa na jeneza, na ndani ya ukumbi wakaimba mechi baada ya mechi wakitaka Harrison afukuzwe. Mwezi Machi klabu ikapandisha bei ya tiketi za msimu uliofuata. Aprili 9 Dončić akarudi Dallas na jezi ya Lakers, akalia akitazama video ya kumuaga, kisha akawafunga pointi 45. Harrison aliondolewa Novemba.

Klabu ya kulipwa ina haki ya kumuuza mchezaji yeyote, na meneja hawezi kuitisha kura ya mtaa mzima kila anapotaka kubadilisha kikosi. Hilo halina ubishi. Kosa la Dallas ni jingine. Walioamua waliamini kwamba upendo wa watu kwa timu ni mali ya klabu, mali isiyopungua hata mwenye nayo aitumie vipi. Kuwapandishia bei watu waliokuwa bado wanaomboleza kulithibitisha imani hiyo, na mashabiki wa Dallas walikuwa sahihi kuikataa.

Huko Oakland yalikuwa mabaya zaidi, kwani iliondoka timu nzima. Athletics walicheza besiboli mjini hapo tangu 1968. Juni 13, 2023, mashabiki zaidi ya 27,000 walijaza uwanja ambao kwa kawaida ulikuwa mtupu, ili wamwonyeshe mmiliki, John Fisher, kwamba watu wapo na wanachotaka ni auze timu. Novemba mwaka huo wamiliki wa timu zote 30 za ligi waliruhusu kwa kauli moja timu hiyo ihamie Las Vegas. Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa Septemba 26, 2024, mbele ya watu 46,889. Mji huo ulikuwa umekwishawapoteza Warriors wa kikapu na Raiders wa mpira wa Kimarekani ndani ya miaka mitano.

Ujerumani walichukua njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa makini. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura kuhusu kumuuzia mwekezaji hadi asilimia 8 ya mapato ya haki za matangazo kwa miaka 20, kwa kiasi kinachofikia euro bilioni moja. Ilihitajika theluthi mbili, yaani kura 24. Zikapatikana 24 kamili. Kura ilikuwa ya siri, na utata ukaanzia hapo: Martin Kind wa Hannover alikuwa ameagizwa na chama cha wanachama wa klabu yake apige kura ya kupinga, naye hakutaka kusema alipigaje. Kura yake moja tu ingetosha kuuangusha mpango.

Majukwaa yakajibu. Kwanza mashabiki walikaa kimya dakika 12 za mwanzo za kila mechi, na viwanja vinavyosifika duniani kwa kelele vikawa kama vya mazoezi. Kisha ikaja mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti, zikitupwa uwanjani kwa mamia mpaka mwamuzi asimamishe mchezo. Mechi ya Hertha Berlin na Hamburg ilisimama zaidi ya nusu saa. Haikuwa vurugu za watu waliolewa, kwa maana walirusha vitu visivyomuumiza mtu, wakavirusha kwa zamu na kwa mpangilio, huku mabango yakieleza hoja yao. Februari 21, 2024, ligi ikauacha mpango.

Hawakushinda kwa mipira ya tenisi peke yake. Kanuni ya ligi ya Ujerumani inataka chama cha wanachama kiwe na wingi wa kura ndani ya klabu, na ni timu chache tu zilizopewa ruhusa maalumu ya kukaa nje ya kanuni hiyo. Kwa hiyo viongozi wengi walipotazama jukwaani waliwaona watu watakaokutana nao kwenye mkutano mkuu, wenye uwezo wa kuwaondoa. Dallas au Oakland hakuna mkutano wa namna hiyo. Marekani yote, katika ligi zake kubwa, timu inayomilikiwa na watu wa kawaida ni Green Bay Packers peke yake. Wenye hisa ni zaidi ya 500,000, hawapati gawio hata senti moja, na timu haijahama mji wake mdogo ulioko jimbo la Wisconsin.

Tanzania ina kitu kinachofanana sana na cha Wajerumani, na hapa ndipo suala hili linapowagusa wasomaji wa Kiswahili. Katika mfumo wa uwekezaji ulioanzia Simba na Yanga, wanachama hubaki na asilimia 51 na wawekezaji hupewa 49. Wenye klabu, kwa maandishi, ni wanachama.

Ilikuwaje basi Machi 8, 2025? Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ilhali kanuni inaipa timu mgeni haki hiyo siku moja kabla ya mechi. Wakatangaza kwamba hawatapeleka timu. Bodi ya Ligi ikaiahirisha dabi hiyo ya Kariakoo, mechi yao na Yanga, siku yenyewe ya mchezo, wakati watu wa mikoani walikwishapanda mabasi na tiketi zilikwishauzwa. Yanga wakadai pointi, wakaenda hadi mahakama ya michezo ya CAS, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za nyumbani. Tarehe mpya ikawa Juni 15, ikasogezwa tena hadi Juni 25. Siku hiyo Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa.

Kwa zaidi ya miezi mitatu mabishano yalikuwa juu ya pointi: nani apewe, nani anyang'anywe, nani kavunja kanuni ipi. Redio zilijaa wachambuzi wa vifungu. Yule aliyetoka Mwanza au Mbeya kwa nauli yake, akalipa na chumba cha kulala, alitajwa kwa huruma tu. Kanuni zilimlinda mgeni anayetaka kufanya mazoezi, na ni haki yake. Shabiki aliyesafiri naye alistahili kifungu chake.

Kifungu hicho si kigumu kuandika. Mechi ikiahirishwa ndani ya saa 48 bila sababu ya hali ya hewa, maafa au usalama, kila mwenye tiketi achague mwenyewe kuitunza au kurudishiwa pesa, na kamati itakayoamua itangaze sababu zake kwa maandishi siku hiyohiyo. Tiketi za viwanja vikubwa siku hizi hununuliwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo pesa iliyoingia kwa simu inaweza kurudi kwa simu. Gharama ya marejesho ibebwe na upande utakaopatikana na kosa, iwe klabu mwenyeji, mgeni au waendeshaji wa ligi.

Nani atakisukuma? Si wawekezaji, ambao kazi yao ni kulinda mtaji wao, wala si Bodi, ambayo kifungu hiki kitaibana. Matawi ya Simba na Yanga yamejaa nchi nzima, yana wenyeviti, yana wajumbe wanaofika mkutano mkuu na kunyoosha mikono. Mara nyingi mikutano hiyo humalizikia kwenye shangwe za usajili mpya na makombe ya msimu uliopita. Ajenda ya haki za mwenye tiketi inaweza kuingizwa humo na tawi moja tu, la Simba au la Yanga, likaandika barua kwa katibu kabla ya mkutano ujao na kuomba wajumbe waipigie kura.