Wananchi wa Kujitolea Waihuisha Njia ya Reli Iliyofungwa Marekani

Njia ya Great Allegheny Passage nchini Marekani, yenye urefu wa takriban kilomita 240 kutoka Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, hadi Cumberland, jimbo la Maryland, imedhihirisha kuwa reli iliyoachwa inaweza kurejeshwa katika matumizi ya umma.

Sehemu kubwa ya njia hiyo inafuata tuta la reli ya Western Maryland lililoachwa mwaka 1975. Kipande cha kwanza cha watembea kwa miguu na waendesha baiskeli kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, na njia nzima ikakamilika mwaka 2013.

Vikundi vya wananchi wa kujitolea hufyeka nyasi, huondoa miti iliyoanguka na kuzibua mifereji. Hata hivyo, nguvu hiyo ina mipaka. Handaki la Big Savage, lenye urefu wa takriban kilomita moja, hufungwa kwa milango kila majira ya baridi ili barafu isiliharibu. Ukarabati wake hauwezekani kwa panga na fyekeo. Unahitaji wahandisi na fedha nyingi.

Kwa hiyo, kujitolea kunapunguza gharama za matunzo, lakini hakuondoi wajibu wa mamlaka za umma. Upande mmoja ukilegea, kazi ya miaka 27 itamezwa na vichaka.