Ikiharibika, Nitapoteza Nini?

Wasee, kila nikipost picha ya kompyuta yangu lazima mtu aandike: "Si ununue tu Mac uache kuteseka?" Leo wacha nijibu vizuri, juu hilo swali si la kipuzi.

Mwaka jana nilikuwa nahariri video ya harusi. Mashine niliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na wiki hiyo nilikuwa nimeongeza RAM ya mtumba. Usiku wa kuamkia siku ya kumpelekea mteja kazi, skrini ya bluu. Nawasha, video inafika nusu, skrini ya bluu tena. Nikalaumu Windows, nikalaumu draiva, nikalaumu joto. Siku ya tatu ndio nikaendesha MemTest86: kumbe ni ile RAM. Nikaichomoa, kazi ikaisha. Lakini mteja alikuwa ameshakasirika, na hajanipigia tena.

Hiyo ndiyo bei ya uhuru. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, iliacha nafasi za kuchomeka kadi za kampuni zingine. Mpaka leo hakuna mtu anayeweza kujaribu kila mchanganyiko wa vipande. Mjaribuji wa mwisho ni wewe, saa nane usiku.

Mwenye PlayStation 5 hana stori kama hizo. Waliotengeneza geimu walijua ni chipu gani na RAM ngapi itaiendesha. Mac za M1, zilizotoka mwaka 2020, ni hivyo hivyo: kampuni moja ilichagua chipu, RAM na mfumo, ikavijaribu pamoja. Kwa hivyo nakubali, siku za kawaida mashine iliyofungwa inashinda. Na inashinda mbali.

Shida ni ile siku isiyo ya kawaida. Beshte yangu ana laptopu nyembamba, RAM na diski zote zimechomelewa kwenye bodi. Miaka mitatu haikukwama hata mara moja, alikuwa ananicheka. Kisha stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, laptopu ikiwa kwa chaji. Kimya. Fundi wa Luthuli akaifungua, akamwambia bodi imeungua, na diski ni sehemu ya bodi. Kazi ya miezi minne ikaenda nayo, hakuwa na nakala. Kwangu mimi, hata bodi ikiungua, kuna uwezekano mzuri wa kuchomoa diski, niichomeke kwa mashine ya jirani, niendelee.

Ndio maana nabaki na PC yangu. Itanisumbua mara nyingi, lakini inaharibika kipande kimoja kimoja, na kila kipande kina bei ninayoweza kuipata.

Ukifuata njia yangu, usiongeze kipande wiki ya kupeleka kazi. RAM ya mtumba ipime usiku mzima kabla ya kuiamini. Na nunua UPS kabla ya kadi kubwa ya picha. Ukienda na iliyofungwa, chukua RAM ya kutosha siku ya kwanza, maana hutaongeza baadaye, na uhesabu diski ya nje kama sehemu ya bei.

Na wewe mteja wa harusi, kama unasoma hii: pole sana. Ilikuwa RAM.