Breki Mpya kwenye Ekseli ya Zamani



Wapendwa wanaparokia, juma hili wengi wenu mmenisimamisha baada ya Misa na kuniuliza swali moja: "Padre, gari limeshatengenezwa, mbona bado limeegeshwa nyuma ya nyumba ya mapadre?" Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa uchungu, na uchungu huo nauelewa. Fedha za matengenezo zilitoka mifukoni mwenu baada ya msimu wa korosho, na kigango chetu cha mbali kimekosa Misa Dominika mbili mfululizo. Mnastahili jibu kamili, nami nalitoa hapa ili kila mmoja alisome na kulipima.

Gari letu mnalijua. Ni Land Cruiser ya zamani, yenye breki za diski kwenye magurudumu ya mbele na breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa miaka mingi limepita kwenye mchanga wa Msimbati, kwenye tope la mikoko karibu na mlango wa Mto Ruvuma, na kwenye mteremko wa kuingia Mikindani. Limebeba wanakwaya, makatekista, mifuko ya saruji, wagonjwa wa kupelekwa Ligula na, mara nyingi kuliko tulivyopenda, marehemu wetu. Kila lilipotoka pwani, ngoma za nyuma zilirudi zimejaa mchanga na maji ya chumvi, na mchanga huo ulivisaga viatu vya breki, ambavyo mafundi huviita breki shuu, kana kwamba ni msasa. Ndipo lilipotolewa wazo la kuziondoa ngoma na kufunga, kwenye ekseli ileile, diski na kalipa kutoka gari jipya zaidi lililokatwa kwa ajili ya vipuri.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Breki ya diski si jambo geni duniani: Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, na mwaka 1953 magari ya Jaguar yaliyofungwa diski yalishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, kule Ufaransa. Diski iko wazi, hivyo hupoa upesi na kurusha maji nje inapozunguka. Ngoma imefungika kama sufuria lenye kifuniko. Maji na mchanga vikiingia, hukawia kutoka. Tena, katika mteremko mrefu ngoma hupata moto, hutanuka na kujitenga na viatu vyake, na dereva huhisi pedali ikizama chini ya mguu. Aliyewahi kuteremka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma, kule kwenye ukingo tunaouita Shimo la Mungu, anajua hofu hiyo bila kufundishwa.

Basi nilikubali. Naomba mlizingatie neno hilo, kwa sababu kosa la kwanza ni langu. Niliuliza bei, niliuliza siku ya kukamilika, lakini sikuuliza ni kitu gani kingine kingebadilishwa pamoja na diski hizo.

Gari liliporudi kutoka gereji nililijaribu mwenyewe, likiwa tupu, kwenye barabara ya mchanga isiyo na watu. Nilipokanyaga breki taratibu, pedali ilikwenda chini sana kabla ya kushika. Nilipoongeza mwendo kidogo na kukanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yalifunga kabla ya yale ya mbele, mkia wa gari ukazunguka, nami nikajikuta natazama nilikotoka. Namshukuru Mungu, hapakuwa na mtoto wala mwendesha baiskeli. Nilirudi taratibu hadi gereji, nikavuta handibreki, nayo haikushika chochote. Kijana aliyekuwapo akaniambia kwa utulivu, "Baba Padre, hapo utaweka jiwe."

Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi wazee wawili, nikawauliza kama mwanafunzi. Waliyonieleza nayaandika hapa kwa sababu wengi kati yenu mnamiliki magari ya umri huohuo, na wapo mnaobeba abiria.

Kwanza, ngoma hujisaidia yenyewe. Gurudumu linapozunguka huvuta kiatu cha mbele na kukikandamiza zaidi kwenye ngoma, hivyo nguvu ndogo ya mguu hutosha. Diski haina msaada huo. Inategemea tu jinsi kalipa inavyoibana. Pistoni za kalipa ni kubwa kuliko zile za silinda ndogo ya ngoma, nazo hudai oili nyingi zaidi ya breki. Masta silinda ya zamani ilipimwa kwa ajili ya ngoma. Ikiachwa ileile, pedali inaweza kuzama kama ilivyozama yangu. Tena, baadhi ya masta za zamani huacha shinikizo dogo kwenye bomba la nyuma kwa faida ya ngoma. Shinikizo hilo likibaki kwenye diski, pedi hazitaachia vizuri, nazo zitapata moto safari nzima.

Pili, magari mengi ya mizigo ya aina yetu yana vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likiwa na mzigo, mgongo wake hushuka, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Likiwa tupu, vali hupunguza nguvu hiyo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito hukimbilia mbele na nyuma hubaki pepesi. Gurudumu la nyuma likifunga mapema, gari hupoteza mwelekeo, na magari ya umri huu hayana kompyuta ya kulizuia lisifunge. Kwenye gari letu fimbo hiyo ilikuwa imefungwa kwa waya, ili vali iamini kwamba daima tumebeba mzigo.

Tatu, handibreki. Kwenye ngoma, kebo huvuta viatu vilevile vilivyomo ndani. Kalipa nyingi hazina pa kuunganisha kebo. Ndiyo sababu magari mengi yenye diski nyuma huwa na ngoma ndogo ndani ya diski kwa kazi hiyo pekee. Land Rover za zamani handibreki yake hukaa kwenye gia boksi, kwa hiyo kubadilisha breki za magurudumu hakuigusi. Ya kwetu iko kwenye magurudumu ya nyuma, na tulipoziondoa ngoma tuliiondoa nayo.

Nne, kile kipande cha chuma kinachoshikilia kalipa. Breki inapobana, nguvu yote ya kulizuia gurudumu hupita hapo. Kipande hicho kinapaswa kukatwa kwa kipimo na kufungwa kwa bolti zake. Kuchomelea kwa makisio ni kuweka maisha ya watu kwenye mstari mmoja wa weldi.

Nilijaribiwa kuwahubiria juu ya kiraka kipya kwenye vazi kuukuu, lakini ningeionea ekseli. Ekseli ya zamani inaweza kabisa kupokea diski, na wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Mfano unaofaa zaidi ni ule wa Mtakatifu Paulo juu ya mwili wenye viungo vingi. Breki ni mwili mmoja, kuanzia pedali hadi gurudumu la mwisho. Atakayebadilisha kiungo kimoja awaulize na wengine kama wako tayari.

Mzee mmoja wa jumuiya ameniambia, "Padre, magari mabovu kuliko hilo yanatembea kila siku, na mgonjwa hasubiri masta silinda." Hoja yake ni nzito, nami sikulala vizuri baada ya kuisikia. Ni kweli mgonjwa hasubiri. Lakini mgonjwa huyo hapandi peke yake: hupanda na mama yake, na shangazi, na vijana wawili wa kumbeba. Na barabarani wamo watoto wanaotoka shule, ambao hawakuombwa ridhaa yao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na trafiki wapo, lakini siri ya waya ule niliijua mimi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inawakemea wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi. Sioni jinsi ya kumwacha nje mtu anayejua kwamba breki zake ni nusu na bado akawaita watu wapande.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na halmashauri ya parokia, tumeamua hivi. Ngoma za zamani zinarudishwa, zikiwa na viatu vipya, silinda mpya, fimbo ya vali mahali pake na handibreki inayoshika. Diski zitatunzwa stoo hadi tutakapoweza kununua vyote vinavyokwenda pamoja nazo na kumlipa fundi anayepima kabla ya kukata. Kila gari litakaporudi kutoka pwani litaoshwa kwa maji baridi, na ngoma zitafunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Vijana wa parokia wamekwisha kujitolea. Kabla ya kubeba mtu yeyote, litajaribiwa tupu na kisha na mifuko ya mchanga. Wakati huohuo, wagonjwa watakodiwa usafiri kutoka mfuko wa huruma.

Najua uamuzi huu unaonekana kama kurudi nyuma, na kwamba sehemu ya fedha zenu sasa imelala stoo. Kwa hilo nawaomba radhi. Nanyi mnaofikiria kubadilisha breki za gari lenu, nawasihi mumwulize fundi maswali manne kabla ya bei: masta, vali, handibreki, na kishikio cha kalipa. Akikujibu kwamba utaweka jiwe, mshukuru, chukua ufunguo wako, uondoke.

Nawatakia Dominika njema. Kigango cha mbali, tegemeeni Misa Dominika ijayo. Gari likiwa halijawa tayari, nitakuja kwa pikipiki.

Paroko wenu.