Minyoo Lupiro: Watoto wanapata dawa shuleni, wazazi je?

Kule Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero ukitoka Ifakara, mpunga ndio maisha, na wengi huingia shambani peku. Minyoo ya safura haihitaji zaidi ya hapo. Ikiwa bado michanga huishi kwenye udongo mbichi uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, na ikishakua inakaa utumboni miaka ikinyonya damu.

Kupungukiwa damu kunajulikana. Kisichozungumzwa sana ni kwamba mnyoo hauwezi kuishi muda wote huo bila kuituliza kinga ya mwili. Unatoa kemikali zinazopoza mashambulizi dhidi yake. Kinga hiyohiyo ndiyo inayotegemewa kupambana na malaria na kifua kikuu, na bonde hili linavijua vyote viwili.

Ushahidi mzito zaidi nchini unatoka Kyela, mkoani Mbeya, na unahusu minyoo ya matende. Watafiti waliwafuatilia wakazi kati ya 2006 na 2011, matokeo yakatoka 2016 kwenye jarida la The Lancet. Kati ya waliokuwa na minyoo hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.91 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Wasiokuwa nayo: 0.80. Hapa si suala la kinga kupoozwa tu. Wenye minyoo ya matende wameonekana kuwa na seli nyingi za CD4 zilizo macho, na hizo ndizo VVU huzivamia kirahisi.

Ila mambo si mteremko. Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waliingizwa kwenye jaribio la dawa za minyoo kuanzia 2003. Ilitarajiwa watoto wao waitikie chanjo vizuri zaidi. Wapi! Haikuwa hivyo. Kwa hiyo anayesema kidonge cha albendazole kitazuia VVU au kifua kikuu anauza maneno.

Swali la Lupiro linabaki palepale. Kingatiba ya minyoo inalenga zaidi wanafunzi. Watu wazima walifikiwa hasa kupitia mpango wa matende, na wilaya ikishafaulu vipimo vya ugonjwa huo, ugawaji unasimama. Baada ya hapo mkulima wa miaka 40 anajinunulia duka la dawa, tena akikumbuka. Mwanawe anameza kidonge shuleni, kisha anarudi kukanyaga udongo uleule.