Sahihi Hii ni ya Mwandishi Mwenyewe?

Katika urithi wa nyumba nyingi za wafanyakazi mjini, baada ya kitanda, redio na cherehani, hubaki sanduku la vitabu ambalo hakuna anayeligombania. Ndugu hugawana vyombo. Sanduku huachiwa mchwa au huuzwa kwa kilo, vitabu vikafungie maandazi. Kumbe, ndugu msomaji, huenda ndani yake mna kitabu kimoja kilichotiwa sahihi na mwandishi mwenyewe, na chaweza kuwa na thamani kuliko vyombo vyote. Hapo ndipo wajanja huingia: mmoja humwambia mjane kwamba sahihi ile si kitu, mwingine humwuzia kijana sahihi aliyoiandika yeye jana usiku.

Swali la kwanza halihitaji chombo ila kalenda. Je, mwandishi alikuwa hai kitabu kilipotoka? Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima kilichapishwa mwaka 1968. Basi mtu akikuletea nakala ya Utubora Mkulima yenye sahihi ya Shaaban Robert, mkaribishe chai, lakini fedha usimpe. Hali kadhalika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare: ilitoka kwanza mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na jina la Juliasi Kaizari likaja na toleo la mwaka 1969. Nakala yenye jina hilo la pili, iliyoandikwa tarehe ya 1965 chini ya sahihi, inajishitaki yenyewe. Kwa hiyo tazama mwaka wa chapa ya nakala uliyoishika mkononi, maana vitabu hivi vimepigwa chapa mara nyingi.

Kalamu nayo ni shahidi. Bolpeni zilianza kuuzwa kwa wingi duniani tangu mwaka 1945; sahihi ya bolpeni yenye tarehe ya 1930 ni uongo mtupu.

Kisha mkono wenyewe. Mtu atiaye sahihi yake huandika upesi bila kufikiri. Mstari hukolea na kufifia, na mwisho wake huchongoka. Mwenye kughushi huchora. Ukitumia kioo cha kukuzia utaona mstari unaotetemeka, uliosimama katikati ya herufi ukaanza tena, na ncha zake butu. Lakini tusimhukumu mtu kwa kutetemeka tu: mkono wa mzee au mgonjwa hutetemeka pia, na ndiyo sababu sahihi hulinganishwa na nyingine ya miaka ile ile, si ya ujana wake. Tena hakuna binadamu atiaye sahihi mbili zilizo sawasawa kabisa. Zikilaliana bila tofauti hata ya unywele, walau moja imenakiliwa, au zote mbili ni kazi ya mashine.

Mashine hizo zipo. Mwezi Novemba 2022 huko Marekani, kampuni ya Simon & Schuster iliuza nakala 900 za kitabu cha mwimbaji Bob Dylan kwa dola 599 kila moja, ikisema zimetiwa sahihi kwa mkono wake. Kila nakala ilifuatana na barua ya mkuu wa kampuni kuthibitisha hivyo. Wanunuzi walipolinganisha picha za nakala zao, waliona sahihi zinazofanana mno. Kampuni ikakiri kwamba ilitumika mashine na kurudisha fedha. Dylan naye akaomba radhi. Mimi tangu hapo siitazami hati ya uthibitisho, hata yenye mhuri mwekundu, bila kwanza kuuliza ni nani aliyeitoa, na atapoteza nini ikionekana ya uongo.

Ushahidi ulio bora, kwa maoni yangu, ni historia ya kitabu chenyewe. Jina tupu ni rahisi kughushi. Mistari mitatu kwa mtu anayejulikana, pamoja na mahali na tarehe, ni kazi ngumu zaidi, hasa ikiwa nyumbani ipo barua au picha ya siku ile mzee alipokutana na mwandishi. Kwa hiyo msitenganishe karatasi hizo na kitabu wakati wa kugawana mirathi. Msikate ukurasa wenye sahihi mkautia katika fremu, wala msiwaruhusu watoto kuukoleza wino uliofifia kwa kalamu mpya. Na mnunuzi akisema lazima auchukue mzigo leo hii kabla ya magharibi, mwambieni arudi wiki ijayo, mama na watoto wote wakiwapo.