Ifo: alama anazo, karatasi hana

Kijana wa Ifo anayeomba chuo kama Amherst, Marekani, habanwi na alama pekee. Chuo kile huchuja kwelikweli, lakini akikubaliwa hugharimiwa mahitaji yake yote, hata akiwa mgeni. Tatizo ni karatasi. Fomu za msaada zauliza mapato ya wazazi. Baba anayeishi kwa mgao wa chakula aambatanishe hati gani? Na kutoka Dadaab kwenda Nairobi, iwe kwa mtihani au viza, lazima kibali cha kusafiri. Sisi Wapwani tuliosumbuliwa kupata kitambulisho twaijua adha hiyo, ingawa yetu ni nusu yake.

Juni 2025 Rais Trump akawafungia mlango raia wa Somalia. Ifo ilianza 1991. Wapo waliozaliwa humo, Mogadishu hawaijui, na marufuku inawahusu vilevile.

Imebaki Canada. Tangu 1978 shirika la WUSC huwapeleka wakimbizi vyuoni huko, nao huingia na ukaazi wa kudumu. Nafasi ni chache mno, na matokeo ya KCSE yana uzito mkubwa. Mwalimu anayengoja hadi kidato cha nne kumweleza mwanafunzi habari hizi amemchelewesha.