Ulanguzi wa Majina ya Intaneti

Wapo wananchi wa visiwani wanaoshawishiwa kununua majina mafupi ya intaneti ili wayauze baadaye kwa bei ya kuruka. Sisi tunawaasa watahadhari.

Jina la intaneti si shamba la mikarafuu. Hukodishwa kwa muda, na asiyelipa ada hulipoteza. Majina ya herufi tatu yaishiayo kwa .com yamekwisha kuchukuliwa yote. Naye ajisajiliaye kwa hila jina la biashara ya mwingine aweza kupokonywa, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1999.

Faida ya hakika ni ya mwenye herufi za mwisho. Fedha za .tv ziliisaidia Tuvalu kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibiani, kilipata dola za Marekani milioni 32 hivi mwaka 2023, kwa kuwa makampuni ya akili mnemba yanaipenda .ai.

Kwa hiyo, mwananchi asiitie akiba yake katika bahati nasibu hii. Nazo serikali za visiwa vyenye herufi zao zizilinde kama bandari, wala zisitie sahihi mkataba wowote kwa pupa.